Alichokijibu Jukwaani

Jumatano, tarehe nne Desemba. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikanyesha bila upepo mpaka saa nne, kisha jua likatoka kali na mtaa wote wa Mtendeni ukafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Sikufungua cherehani. Nilirudi jana kutoka Bukene na mawazo yangu bado yako huko, na fundi ambaye mawazo hayapo huharibu kitambaa cha mtu.

Nataka kuandika jinsi tulivyopiga muziki na yule mama, na lililompata. Niliishia darasa la saba, na kwenye daftari hili huwa naandika vipimo vya viuno na mabega ya watu, kwa hiyo sijui kama nitaweza kulipanga sawasawa. Tena najiogopa. Mtu akiandika peke yake ni rahisi kujifanya mwema. Nitajitahidi kumpa kila mmoja haki yake, hata mimi, ingawa yangu ni ndogo.

Sisi ni bendi ya watu wanne. Zamani tulikuwa kumi na wawili na tulikuwa na sare. Wengine wamekufa, wengine wameokoka, mmoja yuko Urambo analima tumbaku na hataki hata kusikia gitaa. Tuliobaki ni kiongozi wetu, ambaye hupiga gitaa la solo, mpiga tarumbeta, mpiga dramu, na mimi wa besi. Bado tunajiita jazz kwa sababu ndivyo tulivyozaliwa. Kila Jumapili mchana tunapiga kwenye baa moja iliyo kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa kwenda Kwihara. Mpaka katikati ya mwaka huu watu walikuwa wanatusikiliza kama wanavyosikiliza jenereta, yaani wanashtuka tukinyamaza.

Yule mama nilikutana naye kazini kwangu. Nyuma ya kibaraza ninaposhonea kuna stoo ya mfanyabiashara wa karanga, na wanawake hukaa humo wakichambua. Yeye alikuja mwezi wa sita. Amevuka hamsini kidogo, mrefu, mkimya, macho mekundu siku zote. Yeye na marehemu mume wake walikaa miaka mingi Urambo wakikausha tumbaku, na moshi wa bani, ile nyumba ya kukaushia majani, ndio uliomla macho.

Alikuwa akiimba huku anachambua, kwa Kinyamwezi, nyimbo ambazo si za kwaya wala za ngoma. Nyimbo za mtu mmoja. Anauanza mstari, anaukata katikati, anachambua karanga tano sita, halafu anaumalizia kwa sauti ya chini kama mtu anayetua mzigo akiogopa kuamsha watoto. Cherehani yangu ilikuwa ikisimama. Najua ni mguu wangu ndio uliokuwa ukisimama, lakini sikumbuki kuuamuru.

Nilimwita mpiga tarumbeta aje asikie. Akasikiliza wimbo mzima akiwa ameegemea mlango, kisha akasema hiyo ni bluzi. Nikamwambia hicho ni Kinyamwezi. Akasema najua ni Kinyamwezi, na bado ni bluzi.

Sasa nieleze alichokuwa anakitaka yule mama, maana mengine yote yanatoka hapo. Ana nyumba kijijini, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Bukene, ya bati, vyumba vitatu, walijenga yeye na mumewe kwa tumbaku. Mume alipofariki, shemeji yake alianza kuitamani ile nyumba, au ndivyo mama anavyosema. Mimi shemeji sikumuuliza. Halafu mtoto wa shemeji akafa kwa homa ya siku mbili, na maneno yakaanza. Hakuna aliyesema waziwazi. Walisema tu kwamba macho ya yule mwanamke hayana usingizi. Kwetu mwanamke akishasemwa hivyo, anajua ameitwa mchawi.

Wazee wa kijiji walimfanyia walichoona chema. Walimwambia atoke kidogo, akae mjini mpaka mvua za kwanza. Ikiwa hapatazuka neno jipya juu yake, arudi kwenye nyumba yake alime, na wao watamsimamia. Kwa hiyo tangu mwezi wa sita alikuwa anasubiri mvua. Siku moja aliniambia, "Fundi, mimi sitaki kingine. Nataka nifunge mlango wangu, nivue viatu, nilale. Kule nilikuwa nalala na viatu."

Haya aliniambia mimi tu. Wenzangu watatu hawakujua. Naomba hilo likumbukwe.

Tulipomwomba aimbe na bendi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema sawa, mpaka mvua itakapoanza. Mazoezi yalikuwa aibu. Sisi tunahesabu nne, yeye hahesabu. Akinyamaza, sisi tumeshakwenda mbele. Akirudi, anatukuta tunamsubiri mahali alipokwishapita. Mpiga dramu alisema ni kama kumvusha mbuzi reli. Wiki mbili zikapita hivyo, na kila asubuhi yule mama aliomba radhi, na kila alipoomba radhi akaimba vibaya zaidi.

Kiongozi wetu ni Mzaramo wa kuzaliwa hapa hapa Tabora; babu yake alikuja na reli. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo mpaka pwani na kulala kwao njiani. Mimi ananiita mtumwa wake kila siku ya Mungu, na mtani anaweza kukutukana msibani mbele ya maiti wako. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Lakini yule mama, kiongozi alikuwa akimheshimu kwa ajili ya ujane wake. Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia. Akaweka gitaa chini akasema, "We mpagazi, shusha mzigo kwanza ndipo uimbe. Unatuchelewesha kufika pwani."

Mama akamtazama, akatulia hivyo hivyo kama anavyokata mstari, tukadhani atalia.

"Wewe uliletwa huku na gari moshi kama gunia la nazi," akasema. "Habari za kutembea unazijulia wapi?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Mpiga dramu alitoka nje kucheka. Na kiongozi, ambaye mambo mengine ni mgumu lakini kwa muziki hana mfano, akaokota gitaa palepale akaupiga ule mstari wake wa mpagazi, akanionyesha kwa kidole nizunguke kwenye noti mbili tu, nisiende popote, nimsubiri mama. Nikazunguka. Mama akakaa kimya, sisi tunazunguka, na tulipokuwa tumeshakata tamaa akaimba jibu lake la nazi. Likakaa. Ukimya wake ambao ulikuwa unatuangusha tukawa tumeupatia kazi: ulikuwa ukimya wa mtu anayetafuta tusi.

Tangu siku hiyo tulifanya hivyo. Kiongozi anamtupia neno, besi na dramu zinasubiri, tarumbeta inalia kidogo kama inamcheka, na mama anajibu anapotaka yeye. Kufika mwezi wa tisa baa ilikuwa inajaa mpaka watu wanakaa juu ya kreti. Walikuja watumishi wa serikali, walikuja wenye maduka, walikuja wanakwaya waliosema wamepita tu.

Niseme ukweli, matusi yalikuwa yanakua. Kiongozi alimcheka umaskini wake, akamcheka khanga yake iliyopauka, akasema mume wake alikufa ili apumzike. Mama naye hakumwachia. Alimwimba meno yake yaliyobaki manne, akamwimba mguu wake mbovu, akawaimba ndugu zake wa pwani kwamba hata msibani wanafika ngoma ikishakwisha. Nikipima, mama alikuwa anaumiza zaidi. Watu walicheka huku wamekunja uso, na wakati mwingine nilijiuliza kama kuna mahali utani unakwisha na sisi tumeshapita. Lakini baada ya kupiga, wale wawili walikuwa wakila sahani moja. Kwa hiyo nikanyamaza, na nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza.

Mara iliyofuata sikuwa na sababu nzuri. Ilikuwa Ijumaa, mwanzoni mwa Novemba, mawingu yameanza kukusanyika. Kwenye mazoezi kiongozi akaja na mstari mpya:

*Mama macho mekundu, jana usiku ulikuwa wapi?*

Nilijua mstari huo ulikuwa unagusa nini. Kati ya sisi wanne nilijua mimi peke yangu. Ningeweza kumvuta pembeni kiongozi, maneno mawili tu, angeuacha, namfahamu, angeuacha. Lakini ule mstari ulikaa kwenye besi kuliko yote tuliyowahi kuipiga. Nikajiambia mwenyewe yupo, asipoupenda atasema. Mama alikaa kimya, kisha akacheka polepole akamwambia, "Niulize Jumapili, nitakujibu."

Jumapili akamuuliza. Nikazunguka kwenye noti zangu mbili, na siku hiyo nilihesabu: mara kumi na sita. Jua lilikuwa limemwelekea usoni na macho yalikuwa mekundu kweli. Kisha akaimba, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

*Nilikuwa nimempanda fisi wangu, nimetoka Kwihara mpaka Bukene na kurudi.*
*Mtani wangu, mbona leo unachechemea?*

Kwetu hakuna mtoto asiyejua ni nani hupanda fisi usiku. Na kiongozi anachechemea kweli. Baa nzima iliangua kicheko. Mwanamume mmoja alijimwagia bia kifuani na hakushtuka. Mimi nilicheka mpaka nikapoteza noti, jambo ambalo halijanitokea kwa miaka mingi, na kiongozi akazunguka jukwaa zima akichechemea kwa makusudi na kulia kama fisi. Tulikuwa hatujawahi kupiga vizuri hivyo. Sidhani kama tutapiga tena.

Mteja mmoja alirekodi kwa simu. Hakuwa na nia mbaya, najua anakokaa, ni mtu wa watu. Alipoituma kwenye makundi ilikuwa ndefu, mwingine akaifupisha. Ikabaki mama peke yake, macho yake, na ule mstari wa kwanza wa fisi. Swali halimo. Neno mtani halimo. Sisi tumo kwa nyuma, tunacheka.

Kufika Alhamisi video ilikuwa imeshafika kijijini kwao. Mama alipigiwa simu akiwa stoo. Alisikiliza, kisha akaja kibarazani akaniwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti ya shemeji yake, anasema bila hasira kwamba wameisikia kwa kinywa cha mama mwenyewe. Usiku ule ule mvua ya kwanza ikanyesha.

Wazee walimwita kwenye kikao. Mama akamwomba kiongozi aende naye, kwa sababu neno la utani anayeweza kuliosha ni mtani. Hapo kiongozi alipojua habari yote alikaa chini kwenye kreti, akanitazama mimi, akauliza kama nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Lakini kwenda alikataa. Mke wangu anamwita mwoga. Mimi nilimsikia na naandika alivyosema. "Nikisimama pale kwa uso mkavu nikajieleza, nitakuwa nimesema mimi mwenyewe kwamba neno lile lilikuwa na ukweli ndani. Mtani hajielezi. Fundi ataenda, na atapeleka salamu zangu. Waambie hivi: fisi mwenyewe ni mimi, siku hizi nalala njaa, wamrudishe nyumbani anayenifuga. Sema hivyohivyo, na ucheke."

Mama alikuwepo akisikia. Alitikisa kichwa kukubali.

Tulipanda treni juzi, Jumatatu. Mama alikuwa amebeba jembe jipya limefungwa gazeti, na mfuko wa mbegu za karanga alizochagua mwenyewe moja moja. Njiani alinionyesha mashamba yaliyokwishalimwa, akasema watu wamemtangulia lakini si sana.

Kikao kilikuwa kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga kwa sababu ya mvua. Watu kama arobaini. Shemeji ni mtu mpole, amevaa koti, aliniamkia vizuri na kunipa kiti. Akaicheza ile video mara tatu. Pale bandani hakuna aliyecheka, na kicheko chetu kilichokuwa nyuma ya sauti ya mama kilisikika kama kicheko cha watu wabaya. Nilikitambua changu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, wewe ulikuwepo. Maneno haya aliyasema au hakuyasema?"

"Aliyasema, lakini aliulizwa na—"

"Tumeuliza kama aliyasema."

"Aliyasema," nikasema.

Ningeweza kusema sauti imewekwa na mashine, siku hizi wote wanajua inawezekana. Sikusema kwa sababu ni uongo. Nimewaza siku mbili kama huo ni wema au ni uzito tu wa ulimi. Nikaeleza habari ya utani, mpaka ule mstari wa kuchechemea uliokatwa, na niliieleza vizuri, maana mzee mmoja aliyekuwa mbele alianza kulegea uso. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa huyo mtani wake yuko wapi? Kwa nini hakuja?"

Hapo ndipo pa kusema salamu. Nilikuwa nazo mdomoni. Lakini mimi ni Mnyamwezi kama wao. Kinywani mwangu yale maneno yasingekuwa utani, yangekuwa dharau, mbele ya mtu aliyezika mtoto. Mama alikuwa ananitazama. Nikatafuta jambo jingine la kweli la kusema, nikalipata.

"Anaumwa mguu," nikasema.

Wakatazamana. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Anachechemea?"

Nikasema ndiyo.

Yule mzee wa mbele akainamisha kichwa, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kitu. Wakaamua nyumba ikae mikononi mwa shemeji, na mama asirudi kijijini. Walisema wanamwokoa yeye mwenyewe, maana vijana wana mapanga. Siwezi kusema walidanganya. Huko nyuma yametokea. Shemeji akamfungulia mlango achukue anachoweza kubeba. Akachukua sufuria mbili na blanketi. Jembe akaliacha limeegemea ukuta wa nje, sijui kwa makusudi au alisahau. Tulipokuwa tunaondoka kijana mmoja akasema tusihangaike kutafuta gari, tusubiri giza, mama ana usafiri wake. Watu wakacheka, na mwenyekiti akawakemea, ingawa nadhani naye alitabasamu.

Tulilala kwenye benchi la stesheni, jana asubuhi tukapata lori la mkaa. Karibu na mjini mama akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nakusubiri useme lile la fisi kulala njaa."

Nikamwambia niliogopa.

"Ungesema tu. Jibu nilikuwa nimeshalipata. Wangecheka."

Nikamuuliza lilikuwa jibu gani. Akageuza uso upande wa mashamba.

Leo asubuhi, mvua bado inanyesha, kiongozi alikuja nyumbani kwangu alikolala mama. Alisimama uani bila mwavuli. Nilidhani atamwita mpagazi, na nadhani mama naye alikuwa anangoja, maana aliweka chini alichokuwa ameshika. Kiongozi akamwambia, "Pole sana, mama yangu. Mungu akutie nguvu." Mama akamjibu, "Ahsante, kaka." Wakasimama hapo kidogo kama watu waliotambulishwa kanisani. Kisha kiongozi akasema mwenye baa anauliza kama Jumapili ataimba, maana watu wanapiga simu wanamtaka yule wa fisi. Akasema anafikisha tu ujumbe. Mama akasema atafikiri. Chumba chake cha kupanga alishakirudisha, hana pengine pa kulala ila stoo iliyo nyuma ya nyumba yetu, kwa hiyo nafikiri ataimba, na mimi nitazunguka kwenye noti zangu mbili.

Mvua ilipokatika alitoka, akarudi na uyoga kwenye khanga, mwingi, mweupe, ule wa mvua za kwanza. Akauosha vizuri, akaupanga kwenye ungo, akauleta jikoni. Mke wangu alimshukuru, akamwambia akapumzike, atapika mwenyewe. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hamnyanyapai mtu, ila uyoga una aina nyingi na nyingine zinaua, na watoto ni wadogo. Ni kweli, uyoga huua watu kila mwaka.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage. Mama alikula nasi, akashukuru, akaosha mikono. Ungo ulikuwa hapo mlangoni, wote tunauona. Mimi uyoga naupenda kuliko nyama, na sikuuomba.